Shahidi wa Kifo cha Hezron

Iyula, 8 Machi 1931

Kwa Baba Mdogo Amoni Sinyangwe, relini Ndola.

Shikamoo, Baba mdogo. Kama karatasi hii imekukuta mzima, tumeshukuru. Sisi huku tunakohoa kwa ukungu lakini tunakula. Babu Anania magoti yanamsumbua, mdomo haumsumbui hata kidogo. Mama anakusalimu. Blanketi ulilompa Gwakisa wa lori atuletee limefika. Hilo ni la saba sasa. Babu analalia matatu na bado anasema watu wa Ndola ni wachoyo. Mahindi ya nyumbani Tunduma yamebeba vizuri, ila nguruwe pori wameingia shamba la mama mara mbili.

Mimi ni Loisi, binti wa kaka yako Hezron. Ulipopita nyumbani baada ya vita nilikuwa na miaka minne, nakumbuka viatu vyako tu. Utanisamehe nikiandika mambo ambayo mtoto hasemi mbele ya mkubwa. Kwa mdomo siwezi. Shuleni mwalimu akiniuliza swali ninalolijua, nilikuwa natazama miguu yangu mpaka amuulize mwingine.

Siku hizi nafanya kazi kwa Bwana Wexley, mwenye shamba la kahawa hapa Iyula. Mikono yake inatetemeka, hawezi kushika kalamu, na misheni walimwambia mwandiko wangu unasomeka. Kila asubuhi yeye anasema Kiingereza, mimi naandika. Ni habari za babu yake wa miaka mia sita iliyopita, Sir Hamon wa Thornby. Alikuwa naiti, maana yake mtu aliyepewa ardhi na mfalme ili akiitwa vitani aende na farasi wake na mavazi yake ya chuma. Ukoo umeandikwa wote: Hamon mwana wa Rafe, mwana wa Hamon, mwana wa Gilbert. Vita vimeandikwa vyote: viwili Uskoti, kimoja Welisi, cha mwisho Ufaransa. Hata farasi wake ameandikwa, mwekundu mwenye mguu mmoja mweupe, kwa sababu karani wa mfalme aliwakagua farasi wote na kuwaandika kabla ya safari. Nikauliza waliomfuata kwa miguu walikuwa wangapi. Bwana akasema kumi na wawili. Nikauliza majina yao. Akapekua makaratasi, akasema hayakuandikwa.

Jumapili nilipokwenda nyumbani nilimsimulia Babu. Akacheka. "Mzungu unamwandikia ukoo wake, wako kakuandikia nani?" Nikaleta daftari. Akanitajia: Hezron mwana wa Anania, mwana wa Chilanzi, mwana wa Mkoma aliyevuka mto Momba na mbuzi wanne. Nikamwuliza habari za baba na vita. Akazungusha fimbo yake. "Andika alikwenda kuwabebea mizigo, yeye na Amoni. Halafu acha nafasi."

Nimeacha mistari minne.

Baba mdogo, siandiki kwa ajili ya daftari tu. Osea, yule mgane wa kule Hasamba mwenye watoto watatu, anataka kumwoa mama kanisani. Wazee wa kanisa wamesema mama ana mume, maana ulisema umemwacha hospitali na atakuja. Wanataka neno la mtu aliyemwona Hezron amekufa. Mtu huyo, kama yupo, ni wewe. Tafadhali tuandikie.

Mimi mwanao,
Loisi binti Sinyangwe


Ndola, 30 Mei 1931

Kwa mwanangu Loisi.

Salamu zako nimepokea, na Babu mwambie blanketi la nane liko njiani ili aendelee kututukana. Kazi ya reli ni ile ile. Tunabadilisha mataruma chini ya reli, jua linatubadilisha sisi. Wamepunguza watu wengi mwaka huu, mimi bado nipo. Nimefurahi kuona una mkono mzuri wa kuandika. Baba yako alikuwa hivyo, alijua kusoma kabla yangu ingawa mimi ndiye niliyekuwa nachapwa zaidi.

Huyo Sir wako amenichekesha. Mtu kuvaa chuma kwa hiari! Sisi tulipewa sanduku la risasi kichwani, na kapitao, msimamizi wetu, nyuma na fimbo, ndiyo farasi yetu hiyo.

Habari ya kaka yangu nilikwisha kuisema mwaka ule nilipopita. Aliugua, akabaki hospitali. Vita vilikuwa na hospitali nyingi na zilihamahama. Mwambie Osea awe na subira, na mama yako pia, yeye anajua kungoja. Wewe andika ya Wazungu, ya kwetu yaache yalale.

Kuna kitambaa cha maua ndani ya furushi, ni chako.

Baba yako mdogo,
Amoni


Iyula, 2 Julai 1931

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo. Kitambaa kimefika, nimekishona mwenyewe, mkono mmoja umetoka mrefu kuliko mwingine lakini nimekivaa hivyo hivyo. Baridi ni kali, asubuhi majani ya viazi yalikuwa meupe. Babu anasema blanketi la nane ni jembamba.

Niliisoma barua yako mbele ya wazee wa kanisa. Walikuwa watatu, na mkubwa wao Mzee Isaka. Akaniuliza, "Hospitali gani?" Nikasema haikuandikwa. "Mwezi gani?" Haukuandikwa. Akavua miwani. "Binti, mtu aliyebaki hospitali ni mgonjwa. Hatufungishi ndoa ya mke wa mgonjwa." Mama alikuwa amekaa mlangoni, anavuta uzi kwenye upindo wa kanga.

Sasa nikueleze nilichoandika wiki hii kwa Bwana Wexley, kwa sababu nimekosa amani tangu hapo. Sir Hamon alikufa kwa homa huko Ufaransa. Kwao ni mbali, nyama haifiki. Wenzake wakamchemsha kwenye sufuria kubwa mpaka mifupa ikaachana na nyama, wakaishona mifupa ndani ya ngozi ya ng'ombe ili apelekewe mkewe. Niliweka kalamu chini nikatoka nje. Nilipomsimulia mama nilidhani atasikia kinyaa. Aliuliza neno moja tu: "Mkewe aliipata?"

Aliipata, lakini baada ya mwaka. Na hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Kabla mifupa haijafika, karani wa mfalme aliita wanaume kumi na wawili wa kijiji cha Thornby, wakaapa kwamba Sir Hamon amekufa, wakataja na siku, wakasema mrithi ni nani. Mjane akapata sehemu yake siku ile ile. Nikamwuliza Bwana, "Walimwona akifa?" Akasema, "Hawakutoka kijijini maisha yao yote. Walisikia." Nikasema, basi walisema uwongo? Akasema ardhi ilikuwa haiwezi kungoja.

Kuna jambo lililotokea baada ya barua ya kwanza. Nasita kulisema kwa aibu, na hata sasa nimefunga mlango wakati naandika. Mama ana mimba ya Osea, mwezi wa tatu. Mimi ndiye pekee niliyeambiwa. Niliambiwa kisimani, akinisukumia ndoo kichwani ili nisimtazame usoni. Baba akihesabiwa hai, mama ni mzinzi. Atatengwa na kanisa, na Babu hatamweka nyumbani siku hata moja. Baba akihesabiwa amekufa, ni mjane anayeolewa. Hakuna njia ya katikati, nimeitafuta.

Ulikuwa naye, Baba mdogo. Nakuomba neno moja.

Loisi


Tunduma, 6 Septemba 1931

Baba mdogo,

Shikamoo. Sijapata jibu. Gwakisa anasema alikukabidhi barua mkononi na ukaiweka mfukoni bila kuifungua.

Tumbo limeonekana. Babu alimtazama mama akipepeta ulezi, akasema mbele ya watu, "Marita, hicho ulichobeba ni cha mwanangu yupi?" Mama sasa analala kwa dada yake Nesta, upande wa pili wa mpaka. Godoro na vyungu vimebaki. Wazee wa kanisa watakaa mara ya mwisho Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi. Osea amesema yuko tayari, ila hawezi kuoa mke wa mtu.

Sina lingine.

Loisi


Ndola, 20 Septemba 1931

Mwanangu,

Sisalimu, utanisamehe. Barua yako ya mwezi wa saba nilikaa nayo wiki tano. Ya mwezi huu niliifungua pale pale. Nimeandika mara tatu nikachana.

Hakukuwa na hospitali.

Ilikuwa masika ya mwaka 1917. Tulikuwa tumepita Njombe, tunashuka kuelekea Mahenge, matope mpaka magotini. Unga tuliobeba ulikuwa wa askari, sisi tulikula mizizi. Hezron akashikwa na kuhara damu. Siku nne nilimshika mkono, mzigo wangu kichwani na wake nusu begani. Siku ya tano miguu yake ilikataa. Kapitao akasema mzigo uendelee, mtu akae. Hakusema kwa ubaya, alikuwa amechoka kama sisi. Mzigo wa Hezron ukagawanywa. Tukamkalisha kwenye jiwe kando ya njia. Wengine wengi walikuwa wamekalishwa hivyo, tuliwapita kila siku, nasi tulikuwa tumejifunza kutowatazama.

Mvua ilikuwa inanyesha. Alikuwa na blanketi. Nililivua mabegani mwake nikalichukua. Nilijiambia kwamba yeye hatalihitaji muda mrefu na mimi nitalihitaji. Hilo ndilo nililojiambia.

Alikuwa hai, Loisi. Alikuwa ananitazama. Sikumwona akifa, sikumzika, sikurudi. Miezi mingi baadaye tulipita njia nyingine.

Najua amekufa. Mtu yeyote angejua. Lakini unaniomba niandike nilimwona, nami siwezi kumuua mara ya pili kwa kalamu. Wasomee wazee hivi hivi nilivyoandika, wapime wenyewe. Usiongeze wala usipunguze.

Amoni


Tunduma, 1 Novemba 1931

Shikamoo Baba.

Ninajua sijaandika "mdogo". Soma mpaka mwisho utajua kwa nini.

Mama mzima. Mvua za kwanza zimenyesha, tumepanda. Barua yako ilifika siku mbili kabla ya kikao. Niliisoma nyuma ya ghala la kahawa nikakaa chini. Sikukuchukia. Nilitaka kukuchukia, nikawa nafikiria matope tu.

Halafu nilifanya jambo. Nimezoea kunakili. Nilichukua karatasi ya aina ile ile, nikaandika barua yako upya kwa mwandiko wako, zile herufi zako zinazolala kama zimechoka. Njombe nikaiacha kama ilivyo. Matope nikayaacha. Kuhara damu, mzigo kugawanywa, vyote ni vyako. Nilipofika kwenye jiwe nikaandika: "Akakata roho mikononi mwangu, kapitao akanipa muda, nikamzika." Ilikuwa lazima iandikwe, kwa sababu wazee wanataka karatasi ibaki kwenye sanduku la kanisa.

Kikao kilijaa. Mama alikaa na Nesta, kanga imemfunika mpaka kichwani. Osea alisimama nje dirishani. Nikasoma. Nilisoma kwa sauti, mimi ambaye siwezi kuagiza chumvi dukani. Mzee Isaka akasema, "Rudia hapo pa kuzika." Nikarudia. Akauliza, "Kaburi lina alama?" Nikasema haikuandikwa. Nilimwona anataka kuuliza zaidi. Ndipo Babu akanyanyuka na fimbo yake. Hakuniuliza kuhusu kaburi.

"Alimfunika na nini?"

Hilo sikuwa nimeliandika. Karatasi ilikuwa mkononi, na Mzee Isaka anajua kusoma. Nilitazama chini kama ninatafuta mstari, nikasema, "Kwa blanketi lake, Babu."

Babu akakaa. Akalia mbele ya watu, bila kujifuta. Kisha akasema, "Basi mwanangu alikuwa na ndugu." Mzee Isaka akakunja miwani, akanyoosha mkono, akaichukua karatasi bila kuisoma, akaiweka kwenye sanduku.

Msiba ulikaa siku tatu. Mama alinyolewa nywele, akaoga mtoni, na Jumapili ya tarehe ishirini na tano aliolewa na Osea. Mtoto atazaliwa ndani ya ndoa. Jambo nililolitaka nimelipata.

Lakini kuna ambalo sikulipiga hesabu, nami ni mtoto wa ukoo huu, ilinipasa kujua. Siku ya tatu wazee wa ukoo walikaa kugawa jina. Unajua kwetu jina la marehemu halikai bila mtu. Anayelipokea ndiye anakuwa yeye, watoto wa marehemu wanamwita baba, na lake la zamani halitajwi tena. Nilidhani watampa mtoto wa shangazi, au mtoto mwingine yeyote. Babu akasema, "Aliyemfumba macho kwa mikono yake ndiye Hezron." Hakuna aliyebisha. Wangebishaje? Mimi ndiye niliyewasomea.

Ningesema kweli pale, mama angerudi kuwa mzinzi. Nikanyamaza. Nimezoea kunyamaza, lakini huku kulikuwa kwingine.

Ushanga mweupe uliomo ndani ya barua hii ni wako. Babu ameufunga fundo mwenyewe. Anasema uuvae mkono wa kulia, uje nyumbani kabla ya mavuno watu wakuone. Barua yako ya kweli nimeichoma. Kwenye daftari langu ile mistari minne nimeijaza. Inasomeka vizuri.

Nisamehe, Baba.

Mwanao,
Loisi binti Hezron


Ndola, 14 Februari 1932

Kwa Loisi.

Mama yako kama amejifungua salama, mpongeze. Kama ni mvulana, Osea ampe jina la upande wake. Babu mwambie magoti yapakwe mafuta ya moto.

Nilikuwa nimekaa kukuandikia kwa hasira, kwamba nilikukataza na ukafanya. Halafu nikaona kuwa wewe ulimchagua aliye hai. Mimi pia ndicho nilichojiambia nimefanya, pale njiani. Sina la kukufundisha.

Habari zilinifikia kabla ya barua yako. Gwakisa alizileta na lori, na Jumamosi watu wote wa kwetu wanaofanya kazi huku walikuja kwangu na pombe ya ulezi. Wakanipigia makofi ya heshima. Wakaniita Hezron. Mmoja aliyekuwa mtengatenga, mbeba mizigo wa vita kama sisi, alinishika mkono wangu na mikono yake miwili, akaniambia wachache sana walizika. Nikamjibu ahsante. Ushanga nimevaa. Fundo la mzee ni gumu, sijui kama linafunguka.

Kuna neno nililoacha kuandika ile mara, hata kwenye barua uliyoichoma halimo. Tulipoanza kutembea, aliniita. Hakuwa na sauti, lakini njia ilikuwa kimya, kila mtu alimsikia. Amoni. Kisha tena, Amoni. Aliita mpaka tulipopinda. Sikugeuka, kwa kuwa ningegeuka nisingekwenda. Miaka kumi na minne nimekuwa mtu anayeitwa hivyo na kila anayetaka nyundo au maji, na kila mara nageuka haraka, wanasema mimi ni mtu mwepesi wa kazi.

Sitakuja kabla ya mavuno. Usiwaambie kwa nini. Waambie reli.

Jana tulikuwa tunainua taruma, na msimamizi wa zamu, mtu wa mbali asiyejua mambo yetu, aliniita kutoka nyuma kwa lile jina la zamani. Sikugeuka. Akaita tena, kwa nguvu. Nikaendelea kusukuma. Wenzangu wa nyumbani wakacheka sana, wakamwambia, "Bwana, huyo hayupo tena, mwite Hezron."

Akaniita Hezron, nikaenda.